Oksitosini, ergometrini, karbetosini au misoprostoli: ipi ifaayo maternite ndogo ya Bukavu, na rangi ya ampuli inasema nini

Mkunga mmoja kutoka kituo cha afya huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, alifika farmasini asubuhi na kiboksi kidogo amekifunga ndani ya kitenge. Akakifungua juu ya kaunta: ampuli saba za ergometrini. "Mdogo wangu, niangalizie hizi. Tarehe haijafika, lakini roho yangu inazikataa."

Nilitandika karatasi nyeupe karibu na mlango, mahali mwanga unapoingia vizuri, nikazilaza ampuli juu yake moja baada ya nyingine. Tano zilikuwa angavu kama maji. Mbili zilikuwa na unjano wa mchaichai uliochemshwa kidogo. Ni unjano ambao huwezi kuuona ukiishika ampuli kwa vidole tu, maana rangi ya ngozi inaumeza. Nikamuuliza hizo mbili zilikuwa zimekaa wapi. Kwenye sinia la dharura, akasema, chumba cha kuzalishia, chini ya dirisha, nje ya kiboksi chake, ili mtu asipoteze muda kutafuta mama akianza kutoka damu.

"Yaya, roho yako imeona vizuri. Hizi mbili usimchome mtu."

Akashusha pumzi. Kisha akatoa kwenye mkoba ampuli nyingine, za oksitosini, zilizopandishwa kutoka Uvira baada ya kukaa wiki kadhaa kwenye depo isiyo na frigo. "Basi hizi ziko sawa. Ona mwenyewe, hazijageuka hata kidogo."

"Hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi," nikamjibu.

Nauandika ulinganisho huu kwa ajili ya mazungumzo hayo, na kwa ajili ya yeyote anayejaza karatasi ya komande (oda ya dawa) kwenye maternite ndogo (nyumba ya kuzalishia), hapa mjini au kwenye vituo vya barabara ya Uvira, Walungu na Shabunda. Dawa nne zinagombania nafasi moja kwenye bajeti yako: kuukaza mji wa mimba mara tu mtoto anapotoka, ili mama asipoteze damu. Mama akipoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 za kwanza, tayari tunahesabu kwamba ametokwa damu nyingi, na duniani kote hakuna sababu inayoua wazazi wengi kuliko hiyo. Kwa hiyo ampuli iliyokufa nguvu ni hatari sawa na kutokuwa na ampuli, tena inazidi, kwa sababu inakupa imani ya bure wakati dakika zinakwenda.

Niseme msimamo wangu mapema. Mwenye frigo ya kweli achukue oksitosini. Asiye na frigo atafute kwanza karbetosini inayostahimili joto. Misoprostoli isikosekane kabatini kwa yeyote. Ergometrini iwe ya mwisho, na iende tu pale penye kipimo cha tansio (presha ya damu) na mahali penye giza na baridi. Mengine yote hapa chini ni sababu za msimamo huo, na sababu kubwa inaanzia kwenye rangi.

Kwa nini ergometrini inageuka njano

Ergometrini inatokana na kuvu linaloota juu ya masuke ya rai, nafaka ya nchi za baridi. Wakunga wa Ulaya walilijua kuvu hilo karne nyingi, wakalitumia kuharakisha uzazi, na likawaua wengi pia kwa sababu hapakuwa na kipimo. Mwaka 1935 Harold Dudley na John Chassar Moir wa London walifaulu kutenga kiini chake kinachokaza mji wa mimba. Miaka michache baadaye Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, alikitengeneza kiini hicho maabara kwa kuanzia na asidi ya lisejiki. Alipoendelea kubadilisha kipande kimoja cha molekuli hiyohiyo, mwaka 1938 akapata kitu kingine ambacho hakikuonekana kuwa na kazi hadi mwaka 1943, alipokigusa kwa bahati mbaya akaanza kuona maono. Hiyo ndiyo LSD.

Siutaji undugu huo kwa ajili ya kushangaza watu. Ergometrini ya maternite na LSD ni watoto wa mama mmoja, na udhaifu wao ni mmoja. Zote mbili zina sehemu inayoitwa indoli, ambayo oksijeni huishambulia ikaacha rangi, na zote mbili zina kifungo maradufu kati ya atomi zake ambacho mwanga hukifungua. Mwanga ukiipiga ampuli, molekuli ya maji hujipachika pale kifungo kilipokuwa, na dawa inakuwa kitu kingine kisichokaza chochote. Mtaalamu wa maabara anaifunga LSD gizani kwa sababu ileile inayokutaka wewe uifunge ergometrini.

Sasa neno "maleati" unaloliona kwenye kiboksi. Ergometrini yenyewe haipendi maji, kwa hiyo inaunganishwa na asidi ya maleiki, na muunganiko huo wakemia wanauita chumvi. LSD nayo mara nyingi hutunzwa kama chumvi ya tartarati. Chumvi hizi zikiwa kavu, kwenye giza, zinaweza kukaa muda mrefu. Zikishayeyushwa kwenye maji ya sindano, hali inabadilika. Maleati inasaidia kuifanya sindano iwe na uchachu ambao dawa inauhitaji ili ibaki imeyeyuka, lakini haiwezi kuzuia mwanga. Nimesikia muuzaji akimwambia mnunuzi kwamba "hii ni maleati, ni imara". Hapana. Maleati ni jinsi ya kuyeyusha, ulinzi ni kiboksi na frigo.

Dawa hii ina jambo moja zuri kwa macho. Ukiweka mmumunyo wake chini ya taa ya urujuani, unatoa mng'ao wa buluu. Wakaguzi wa dawa hutumia mng'ao huo kama sehemu ya kuitambua. Kwetu kwenye vituo hatuna taa hiyo, tuna karatasi nyeupe na mlango, na vinatosha kwa swali moja tu: je, imegeuka? Ikiwa na rangi yoyote, hata ndogo, inatupwa.

Kinyume chake hakifuati. Ampuli angavu haijathibitisha kwamba ina nguvu zote. Majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba ergometrini iliyoachwa kwenye mwanga wa chumba, kwa nyuzi 21 hadi 25 tu, ilipoteza zaidi ya asilimia 20 ya nguvu kwa mwezi mmoja na karibu asilimia 90 kwa mwaka. Ile iliyofichwa gizani kwenye frigo ilipoteza kama asilimia 5 kwa mwaka mzima. Soma tena hizo nyuzi: 21 hadi 25. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya Bukavu. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo wa ziwa unatupoza, na watu wanajidanganya kwamba mji wa baridi unatunza dawa. Kwa ergometrini, dirisha la Kadutu ni baya kuliko kabati lenye giza la Uvira kwenye joto.

Rangi nyingine kwenye kabati lilelile

Ili usiibebe sheria ya ergometrini ukaipakia kila ampuli, angalia majirani zake wawili.

Adrenalini, iwe chumvi ya tartarati au ya hidrokloridi, ikiharibiwa na hewa na mwanga hugeuka waridi, kisha kahawia. Watengenezaji wengi huitia metabisulfiti ya sodiamu ili kuichelewesha. Ikishageuka, nayo inatupwa, bila mjadala.

Ketamini hidrokloridi ni jambo tofauti. Ni dawa ya usingizi inayotumika kila siku kwenye vyumba vya upasuaji vya Kongo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985, na kwa dozi ndogo nayo huwapa watu ndoto na maono. Ikikaa sana kwenye mwanga inaweza kuwa na unjano hafifu, na maelezo ya watengenezaji yamesema wazi kwamba unjano huo hauipunguzii nguvu. Kinachoikataza ni chembechembe au utando ndani ya chupa. Mimi bado ningeomba chupa nyingine, maana unjano unaniambia kwamba mtu aliitunza vibaya, na sijui ni nini kingine alichokitunza hivyo. Lakini anayesema "rangi ni rangi, zote tupa" hajaijua ketamini.

Nje ya kabati kuna mfano mmoja zaidi wa rangi inayodanganya. Uyoga wa Mexico, ambao Hofmann huyohuyo alitenga kutoka kwake silosibini, kiini chake kinacholeta maono, mwaka 1958, ukiupasua unageuka buluu. Silosibini yenyewe ni fuwele nyeupe, ina kipande cha fosfati kinachoilinda. Kipande hicho kikikatika, kinachobaki hushikwa na oksijeni na kuunganika kuwa rangi ya buluu, jambo ambalo wakemia wa Jena, Ujerumani, walilieleza kwa undani mwaka 2019. Wengi hudhani buluu ni dalili ya ukali. Ni dalili ya kile kilichokwisha kutumika.

Oksitosini haina rangi ya kupoteza

Narudi kwa ampuli za yaya. Oksitosini si chumvi ya kuvu. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 9, homoni ileile ambayo mwili wa mama unaitoa mwenyewe. Mkemia Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Mnyororo huo ukipata joto unakatika na kujisokota vibaya, na hakuna kinachoonekana. Maji yanabaki maji. Unaweza kuwa na ampuli mbili kwenye karatasi yako nyeupe, moja nzima na moja iliyokufa, na jicho la daktari bingwa lisiweze kuzitofautisha.

Hapo ndipo naona tatizo kubwa kwenye vituo vyetu. Wauguzi wamefundishwa vizuri kuangalia ergometrini, basi mazoea yale yanahamia kwa oksitosini: haijageuka, basi ni nzima. Kwenye chupa za chanjo tumezoea ile pastila ya mviringo yenye mraba katikati, ambao mraba wake unakolea kadiri joto linavyojumlishwa. Hiyo ni rangi iliyotengenezwa ili iseme ukweli. Ampuli ya kawaida ya oksitosini haina pastila hiyo.

Lazima niwe mwadilifu: kwa mwanga oksitosini ni ngumu kuliko ergometrini, na kwa joto pia inachoka polepole zaidi. Wiki moja ya kukatika umeme Bukavu haitaiua. Lakini joto halisahau. Siku tatu kwenye lori, wiki mbili kwenye depo ya bati, mchana mmoja kwenye bodaboda chini ya jua la Kamanyola, vyote vinaandikwa ndani ya ampuli, na wewe unayeipokea mwisho huoni hesabu. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) walitoa tamko la pamoja: oksitosini itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 wakati wote. Ipo oksitosini ambayo lebo yake inaruhusu nyuzi 25 au 30. Ukiipata, iweke kwenye frigo vilevile.

Na frigo ninayoisema ina maana yake. Ni ile yenye kipimajoto ndani na karatasi ya kuandika nyuzi asubuhi na jioni. Frigo ya muuguzi mkuu yenye soda na maziwa, inayofunguliwa mara thelathini kwa siku, mimi siihesabu. Kama kituo chako kina frigo ya chanjo inayotumia pano za jua, zungumza na wahusika wa chanjo wa zoni ya afya: oksitosini inaruhusiwa kukaa humo, kwenye kiboksi chake chenye jina kubwa, mbali na ukuta unaogandisha, kwa sababu isigandishwe. Wengine wanakataa kwa hofu ya kuchanganya dawa na chanjo. Hofu hiyo inatibiwa kwa kiboksi cha rangi tofauti na kalamu nene.

Karbetosini na misoprostoli

Karbetosini ni binamu wa oksitosini, mnyororo unaofanana nayo lakini uliobadilishwa ili ukae mwilini muda mrefu. Aina inayostahimili joto inakaa miaka 3 kwenye nyuzi 30 bila frigo. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, na ikaonekana kwamba katika kuzuia damu haikuwa nyuma ya oksitosini iliyotunzwa vizuri. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu. Kampuni ya Ferring iliahidi kuiuza kwa sekta ya umma ya nchi maskini kwa bei ya dola 0.31 hivi kwa ampuli, yaani karibu na bei ya oksitosini. Kwa hiyo ukiuliziwa bei kubwa mno kwenye depo binafsi, usikate tamaa, pitia zoni ya afya.

Mipaka yake ni miwili, nayo ni mikali. Inatolewa kwa kuzuia tu, mikrogramu 100 mara moja, mtoto akishatoka. Haitumiki kuanzisha wala kuongeza uchungu, na mama akiwa tayari anavuja damu bado utahitaji oksitosini au misoprostoli ya kumtibu. Kituo kinachonunua karbetosini peke yake kimenunua nusu ya dawa. Nayo pia ni maji angavu, haikupi rangi. Tofauti ni kwamba safari za huku kwetu haziiumizi kirahisi.

Misoprostoli ni kidonge, na kwa akina mama wa vijiji ambako hakuna wa kuchoma sindano ndicho kinachookoa. Kwa kuzuia ni mikrogramu 400 au 600 kwa mdomo, kwa kutibu ni 800 chini ya ulimi. Mama anaweza kutetemeka na kupanda homa, umwambie mapema asiogope. Haihitaji frigo. Adui yake ni unyevu. Kiini cha misoprostoli kwa asili ni mafuta mazito, yamefungwa ndani ya unga ili yatulie, na unyevu ukiingia unayavunja. Kidonge kinabaki cheupe. Sasa fikiria tabia yetu ya farmasi: tunakata plaketi (bamba la vidonge), tunapopoa vidonge, tunavihesabu kwa kijiko na kuvitia kwenye kifuko cha plastiki, Novemba, mvua ikipiga bati. Kwa parasetamoli inapita. Kwa misoprostoli umeanza kuiua mbele ya mteja. Nunua plaketi yenye aluminiamu pande zote mbili, siyo ile yenye plastiki inayoonyesha kidonge, na kifunuliwe pale kinapomezwa.

Ergometrini bado ina mahali pake?

Inapo, lakini padogo. Inakaza mji wa mimba kwa nguvu na kwa muda mrefu, na kwa mama ambaye oksitosini imeshindwa kumsaidia, mikrogramu 200 ndani ya msuli zimeokoa wengi. Wakunga wa zamani wanaipenda, na nawaelewa: walikuwa wakiiona ikifanya kazi chini ya mkono.

Lakini inabana mishipa ya damu mwili mzima. Mama mwenye tansio ya juu, mwenye kifafa cha mimba au ugonjwa wa moyo haipewi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanaikubali tu pale ambapo tansio ya juu imeweza kuondolewa shaka kabla ya kuitoa. Mama anayefika usiku akiwa amebebwa mgongoni, bila kadi ya ujauzito, na mashine ya tansio ya kituo imeharibika, huwezi kumwondolea shaka. Tena isikae droo moja na vitamini K ya mtoto: makosa ya kumchoma mtoto mchanga ergometrini yametokea na kuandikwa katika nchi mbalimbali, na chanzo ni ampuli mbili ndogo zinazofanana kwenye sinia moja.

Hivyo dawa inayokupa ishara ya rangi ndiyo yenye masharti mengi kuliko zote, na zile salama zaidi zinakaa kimya. Ukichagua kwa sababu "hii angalau naiona ikiharibika", umechagua urahisi wa jicho lako ukaweka kando mwili wa mama.

Nikiwa mimi ndiye ninayejaza komande

Kituo cha mjini, Ibanda au Bagira, chenye frigo ya chanjo inayofanya kazi: oksitosini iwe dawa ya kwanza, uniti 10 kwa kila mama anayejifungua, na uombe kila mara karatasi inayoonyesha ilisafirije. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kisanduku cha baridi siku ya kuleta, mrudishie mzigo wake. Nimewahi kurudisha mzigo mzima wa depo moja ya mjini kwa sababu katoni zilikuja juu ya buti ya teksi zikiwa na joto mkononi. Tuligombana, wakaniita mwenye majivuno. Ningeurudisha tena leo. Ongeza misoprostoli ya akiba kwa siku frigo inapokufa, na asidi traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, ambayo si mpinzani wa hizi nne bali msaidizi wake: gramu 1 ndani ya mshipa kwa mama anayevuja damu, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, jambo lililothibitishwa mwaka 2017 kwa wanawake zaidi ya 20,000, wakiwemo wa Kongo. Hiyo nayo haihitaji frigo.

Kituo cha barabara ya Uvira au ndani Shabunda, ambako dawa inafika kwa mgongo wa mtu au ndege ndogo: karbetosini inayostahimili joto kwa kuzuia, misoprostoli kwa kutibu. Oksitosini ya huko siiamini, hata ikiwa bado angavu na tarehe yake iko mbele miaka 2. Tarehe ya mwisho iliandikwa na mtu aliyedhani itakaa kwenye baridi.

Ergometrini ningeiweka hospitali tu, chache, kwenye frigo, ndani ya kiboksi chake, na kiboksi ndani ya karatasi nyeusi, chini ya mkono wa mtu mmoja anayejibu kwa ajili yake.

Yaya wa Kadutu kituo chake kina frigo ya chanjo, vyumba viwili mbali na chumba cha kuzalishia, na hicho ndicho kilichomfanya aweke ampuli dirishani: umbali. Tulikaa tukapiga hesabu ya hatua. Ishirini na sita, akasema, usiku bila taa. Basi tukakubaliana hivi. Oksitosini inakaa kwenye frigo. Mama akianza kusukuma, msaidizi anatoa ampuli mbili na kuzileta kwenye kisanduku kidogo chenye kifuniko, na isiyotumika inarudi alfajiri ikiwa na alama moja ya kalamu shingoni. Yenye alama tatu hairudi tena. Dirishani pamebaki misoprostoli peke yake, ndani ya plaketi yake.

Oksitosini za Uvira alizitoa mkobani zote kumi na mbili, akazipanga kwenye kaunta kando ya zile mbili za njano. Akaziangalia muda mrefu. "Kumi na mbili, mdogo wangu. Watu wamechanga pesa." Nikampa ndoo ya vitu vyenye ncha, akazitia mwenyewe, moja moja.